Ng'ombe Aliyezoea Kupiga Pembe

Andiko: Kutoka 21:28–36. Soma pia Mithali 20:14 na Zaburi 15.

Jumapili iliyopita niliahidi madhabahuni kwamba habari ya gari la misheni nitaiandika hapa yote, ili hata ambaye hakuwa ibadani aipate kutoka kwangu mimi, si kwa uvumi wa nje ya lango. Pesa zilikuwa zenu. Kuna mama hapa kanisani anauza mahamri na mbaazi kila asubuhi, na siku ya harambee alileta shilingi 3,000, nyingi zikiwa sarafu za ishirini ishirini ndani ya mfuko wa plastiki. Nilizihesabu mwenyewe. Kwa hiyo mkiona leo mahubiri yanaingia mpaka ndani ya injini, nivumilieni.

Mnajua tulikotoka. Kila tukienda mikutano ya Msambweni, au Kinango, au juu kule Tana River, pesa nyingi huishia kwa malazi. Kamati ya Misheni ikaona bora tutafute vani ya kulala ndani: akina dada walale humo, sisi wanaume tupige hema kando, na vyombo vya muziki visikae nje usiku. Baada ya miezi kadhaa ya kutafuta tukaonyeshwa Hiace moja iliyotoka Japani, ndani imetengenezwa kitanda, kabati, sinki ndogo na pazia. Maridadi sana. Gia zake ni otomatiki, unaweka D unaenda. Mwenye gari alitaka 1,650,000.

Sasa mimi, kama mnavyojua, kabla ya kuitwa katika huduma nilisomea biashara. Kamati ikaniachia mazungumzo. Na niseme ukweli, nilifurahi kuachiwa. Nikazunguka lile gari nikilitafutia kasoro: tairi hii imeisha, rangi hapa imebabuka, kiti kile kimechanika, hapana mzee, bei yako haiwezekani. Ndani ya dakika kumi mwenye gari akashuka mpaka 1,400,000. Tukapeana mikono. Jioni ile nilimpigia simu kila mwanakamati kumweleza nilivyookoa robo milioni. Wengine niliwapigia mara mbili.

Mithali 20:14 inamchora mtu huyo huyo. Akiwa mbele ya bidhaa anaiponda, kwamba haina thamani; akishaondoka nayo, anajigamba kwa wenzake. Nimeusoma mstari ule miaka mingi nikidhani unawahusu wanunuzi wa Kongowea.

Jambo moja halikunigutusha siku ile. Mtu anayeshuka 250,000 kwa sababu ya tairi na kiti kilichochanika anakuambia kitu, kama una masikio. Fundi wa gari angesikia. Lakini fundi sikwenda naye. Yule tunayemwamini alitaka 3,000 kuja kulikagua gari, na mimi nikaona naweza kuokoa na hizo pia.

Tulilijaribu, ndiyo. Mwenye gari alituchukua kutoka Ganjoni, tukafuata Mama Ngina Drive upepo wa bahari ukipiga, tukatokea Fort Jesus, tukageuza, tukarudi. Dakika kumi, labda kumi na mbili. Gari lilikwenda kama limepakwa siagi. Karatasi nazo zilikuwa safi: logibuku, jina, uhamisho kupitia NTSA, kila kitu. Mnajua sheria yetu ya viwango, KS 1515, hairuhusu gari lililotumika kuingia nchini likiwa limepita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Gari hili liliingia ndani ya miaka hiyo, halali kabisa. Lakini likishaingia linaendelea kuzeeka hapa hapa, na hakuna karatasi inayokuambia giaboksi imezeekaje.

Safari ya kwanza ilikuwa Msambweni. Tulipakia spika, jenereta, magodoro, tukaingia foleni ya feri saa nane mchana. Foleni mnaijua. Jua kali, injini inanguruma, unasogea hatua mbili unasimama. Tukaingia ferini, tukavuka salama. Upande wa Likoni, gari la mbele yetu likapanda ule mteremko likatoka. Zamu yetu ikafika. Nikakanyaga mafuta. Injini ikapiga kelele, mshale ukapanda, na gari halikwenda mbele. Likatetemeka, kisha likaanza kurudi nyuma.

Nyuma yetu kulikuwa na tuktuk. Ndani yake mama na watoto watatu waliovaa sare za shule. Niliwaona kwenye kioo.

Lilirudi kama urefu wa mkono, si zaidi, breki zikashika. Nikavuta na breki ya mkono. Vijana wakaweka kigogo chini ya gurudumu, wakatusukuma huku wakitutukana, na walikuwa na haki ya kututukana. Lakini hakuna mtu wa Mombasa asiyekumbuka Septemba 29, 2019, siku ambayo gari lilirudi nyuma likatumbukia majini kutoka feri ya MV Harambee, mama akafa pamoja na binti yake. Sifananishi matukio hayo mawili. Nawaambia tu kilichonijia kichwani nikiwa nimeshika usukani kwa mikono miwili, dada zenu wamekaa nyuma yangu kimya.

Fundi alikuja kulitazama kesho yake, safari hii kwa bei ya kuvutwa. Nitawaeleza alivyonieleza, maana wengine mna magari ya otomatiki na litawafaa. Giaboksi ya namna hiyo inafanya kazi kwa nguvu ya oili. Oili inasukumwa kwa presha, inabana pleti za klachi, pleti zinashikana, gari linakwenda. Pleti zikichakaa na mipira ikikauka, oili inavuja ndani kwa ndani na presha inapungua. Ikiwa baridi, oili ni nzito kidogo, kwa hiyo ugonjwa unajificha. Ikishapata moto inakuwa nyepesi kama maji, pleti zinateleza, na hapo injini inalia lakini magurudumu hayapati kitu. Ndiyo maana dakika kumi za Mama Ngina Drive hazikutuonyesha lolote. Kisiwa chetu ni tambarare, barabara ile ina upepo, na gari lilikuwa ndiyo kwanza limewashwa.

Kisha akachomoa kijiti cha oili akanionyesha. Nilitarajia kuona uchafu. Ilikuwa nyekundu, safi, mpya. Nikasema, basi si mbaya? Akatikisa kichwa, akafungua karai la chini. Mle kulikuwa na tope jeusi, na harufu ya kuungua iliyokaa puani mwangu mpaka usiku. Akafuta mikono, akasema, “Pasta, oili mpya kwenye giaboksi iliyokufa. Kuna mtu alijua.”

Wapendwa, sentensi hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye Kutoka 21. Tunapenda kuruka sura zile. Tukimaliza Amri Kumi tunakimbilia ndama wa dhahabu, tunaziacha sheria za ng'ombe na mashimo kama vile Mungu aliandikia watu wengine. Hebu rudi uisome polepole. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, ng'ombe anauawa, mwenyewe hana hatia. Hakujua. Lakini mstari wa 29 unageuza kila kitu: kama ng'ombe yule alikuwa na tabia hiyo tangu zamani, na mwenyewe ameshaambiwa, asimfunge, basi damu iko juu ya mwenyewe. Ng'ombe ni yule yule, pembe ni zile zile. Tofauti iko kwenye kile mwenyewe alichokijua.

Na tazama mistari ya 35 na 36, ambayo kwa mtu wa biashara ni ya ajabu. Ng'ombe wako akimuua ng'ombe wa jirani na hakuna aliyejua tabia yake, mnamuuza aliye hai, mnagawana pesa nusu kwa nusu, na aliyekufa mnagawana. Hasara ni yenu wote. Lakini kama ulijua, hakuna kugawana. Unalipa ng'ombe mzima. Torati haikuangalia ukubwa wa hasara peke yake. Iliuliza nani alikuwa na habari.

Nilimpigia simu aliyetuuzia. Akasema gari lilikuwa zima lilipotoka kwake, akakata. Huenda oili ile ilibadilishwa na mtu mwingine kabla yake. Sikuweza kuthibitisha, na kwa sababu hiyo jina lake silitaji hapa wala popote, nanyi msilitafute. Tulifundishwa chuoni lile neno la Kilatini, *caveat emptor*, mnunuzi ajihadhari, na Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, kifungu cha 16, inaanzia hapo hapo kabla ya kutaja hali ambazo mnunuzi analindwa. Katiba nayo, kifungu cha 46, inampa mlaji haki ya kupata habari za anachonunua. Tungeweza kwenda kwa wakili. Kamati ikaona wakili atakula kilichobaki.

Sasa naingia sehemu ambayo ningependa isiandikwe.

Bei ya giaboksi iliyotoka Japani, ikiwa imefungwa, ilikuwa 240,000. Hesabu na lile punguzo nililojisifia, utaona. Kwenye akaunti ya misheni zilibaki 41,000, na 18,000 zikaenda kwa kuvuta gari na uchunguzi. Tukakutana. Mzee mmoja akasema tuliuze kama lilivyo. Mwingine akasema, sisi tuliuziwa hivyo hivyo, anayekuja naye afungue macho yake. Mwingine akasema, tukiulizwa tutasema, tusipoulizwa hatujadanganya. Mweka hazina, ambaye ni mama mtu mzima na huwa hasemi sana, akauliza, “Na huyo atakayelinunua, akipanda feri?” Hakuna aliyemjibu. Tukaendelea na ajenda iliyofuata. Nami ndiye nilikuwa mwenyekiti.

Tangazo niliandika mwenyewe: vani ya kulala ndani, kitanda, sinki, otomatiki, safi, ingia uende. Kila neno lilikuwa kweli isipokuwa hayo mawili ya mwisho. Na kabla ya kuliweka nililichukua gari nikaoshwa kwalo kichwa tena: fundi mmoja wa pembeni akaniambia tukitenganisha betri na kufuta makosa kwenye kompyuta, taa ya dashibodi haitawaka kwa siku kadhaa. Nikamwambia afute.

Alikuja kijana. Nadhani hajafika hata miaka thelathini. Alikuwa na mpango wa kupeleka wageni Diani na Tsavo, wachache wachache, walale garini, na alikuwa ameweka akiba miaka minne akifanya kazi hotelini. Aliponiita Pasta nikajisikia vizuri kwamba ananiamini. Akaomba tulijaribu. Nikawasha gari likiwa baridi. Tukatoka Ganjoni, tukaingia Mama Ngina Drive.

Hapo, ndugu zangu, sikuwa nimepanga. Mkono ulienda wenyewe. Tulifika karibu na mwembe wa kwanza ndipo nikatambua kwamba ninampitisha kijana wa watu njia ile ile niliyopitishwa mimi, kwa sababu ile ile. Yule mtu wa kwanza nilikuwa nimemwombea hukumu kwa wiki tatu. Na mimi nilikuwa na habari zaidi yake. Yeye labda hakuambiwa na mtu. Mimi niliambiwa na fundi, nikaonyeshwa tope, nikaona watoto kwenye kioo. Mstari wa 29 ulikuwa wangu.

Nilisimama Fort Jesus, pale wanapouza madafu. Nikanunua mawili. Kuta zile Wareno walianza kuzijenga 1593, na nyuma yake ndiyo Mji wa Kale unaanza, ambako watu wameuza na kununua kabla ya benki, kabla ya logibuku, kwa mizani na kwa neno la mtu. Hatua chache ukiingia kuna wenye maduka ambao bado ni hivyo. Mke wangu hununua leso Biashara Street kwa mzee mmoja Mwislamu ambaye, kabla hujafungua mkoba, atakukunjulia pindo akuonyeshe doa: “Hii ina aibu hapa, mwanangu, nitakupunguzia.” Kwao ni kanuni ya dini, muuzaji ataje aibu ya bidhaa. Na neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, maana yake ni kasoro. Kiswahili kikalichukua, tukabaki zaidi na maana ya fedheha. Nilikuwa nimesimama pale na dafu mkononi, mchungaji msaidizi, nikijua kwamba yule mzee wa leso asingefanya ninachokifanya.

Nikamwambia kijana yote. Giaboksi, feri, oili mpya, taa iliyofutwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Aliuliza tu, “Pasta, mbona hukuniambia kabla hatujapanda gari?”

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina zuri. Tulirudi Ganjoni kimya. Akasema atafikiria. Hakurudi, na simlaumu.

Nilifuta tangazo, nikaandika jingine: giaboksi mbovu, inateleza ikipata moto, isipandishwe feri kabla ya kutengenezwa. Simu zilipungua sana, kama mnavyoweza kufikiri. Waliopiga walitaka kwa milioni moja, kwa laki tisa. Mwishowe likachukuliwa na fundi mwenye karakana yake, ambaye atafunga giaboksi kwa mkono wake, kwa 1,130,000. Tulimpa maelezo ya ugonjwa kwa maandishi akatia sahihi, nakala iko kwa mweka hazina.

Hesabu basi. Tulinunua 1,400,000. Gharama baadaye 18,000. Tumeuza 1,130,000. Hasara ni shilingi 288,000. Akaunti ya misheni leo ina 1,153,000. Wapo waliokuja kuniambia kwamba ningenyamaza tungerudisha pesa za kanisa zote, na kwamba pesa za Mungu hazipaswi kupotea. Nawaheshimu, wengine ni wazee wangu. Lakini Zaburi 15 inapomtaja mtu atakayekaa katika hema ya Bwana, inamtaja mtu ambaye alitoa neno lake, likamtia hasara, asiligeuze. Daudi hakusema hasara hiyo itarudishwa Jumatatu. Mimi nilikuwa tayari kuirudisha ile 288,000 kwa kuichukua kwenye akiba ya miaka minne ya kijana, kisha niisimamie hapa mbele niiite baraka. Sadaka ile mngeipokea bila kujua. Yeye angejua.

Kuhusu sehemu yangu. Kamati haikuniambia nilipe, lakini ni mimi niliyeona 3,000 za fundi ni nyingi. Nimemwomba mweka hazina akate 6,000 kila mwezi kwenye posho yangu kwa miezi kumi. Msinichangie tafadhali, nimesikia kuna ndugu wameanza orodha, ifungeni.

Na ambaye ana gari la otomatiki analotaka kununua wiki hizi, chukua fundi. Litazame likiwa baridi, kisha uliendeshe nusu saa nzima, ulipitishe kwenye foleni, ulitafutie mlima hata kama ni kupanda pale Likoni ukiwa mtupu. Ukiweka D hesabu: likikawia kushika, uliza. Mwenye gari akikataa usiende mbali, rudisha ufunguo. Na anayeuza, unajua ng'ombe wako alivyo.

Mikutano ya Msambweni haijaahirishwa. Tunaondoka Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa kumi na mbili asubuhi, tukutane kanisani. Tutavuka feri kwa miguu na kuchukua matatu upande wa Likoni. Spika zitatangulia Alhamisi kwa pikapu ya ndugu mmoja, yenye gia za mkono. Akina dada tumepata nyumba ya kulala kwa waamini wa huko. Akina kaka, kila mtu aje na shuka na chandarua. Mahema yapo mawili, na moja zipu yake imeharibika.